Amana Iliyogandishwa: Historia ya Programu ya Kusoma Mabadiliko ya Bakteria

Tarehe 24 Februari 1988, Richard Lenski, aliyekuwa bado kijana katika ualimu wa elimu ya viumbe kwenye Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, alitwaa chupa 12 za kioo, akamimina katika kila moja mililita 10 za maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari haba ya glukosi, akatia ndani bakteria wa Escherichia coli waliotokana na asili moja, na akaziacha chupa zile zitikiswe usiku kucha katika joto la nyuzi 37. Muradi wake ulikuwa bayana, ijapokuwa jibu lake lilikuwa mbali: alitaka kujua kama jamii 12 za viumbe walio sawa kwa asili, wakilishwa chakula kile kile na kukaa mahali pale pale, zitashika njia moja katika kubadilika kwao au kila moja itakwenda upande wake. Alitazamia kazi ya vizazi 2,000, yaani muda wa kama mwaka mmoja. Lakini jambo lenyewe likamvuta, mwaka ukazaa mwaka, na jaribio lile likadumu hata likawakuta wanafunzi ambao siku ya kwanza yake walikuwa hawajazaliwa.

Taratibu yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuishika. Kila siku, bila kubagua Jumapili wala sikukuu, mtu wa maabara huchota sehemu moja ya kumi ya mililita kutoka chupa ya jana na kuitia katika mililita 9.9 za maji mapya yenye chakula. Bakteria waliohamishwa, ambao ni kama milioni tano, hula, hugawanyika na kuongezeka mara mia mpaka wakawa kama milioni mia tano, na sukari ikiisha husimama wakingoja kesho. Kuongezeka mara mia ni kuzidi maradufu mara sita na theluthi mbili. Basi siku moja yetu ni vizazi sita na zaidi kwao, na siku 75 ni vizazi 500. Kila vinapotimia vizazi hivyo, ile sehemu ya chupa ya jana ambayo kwa desturi ingemwagwa huchanganywa na glisarini na kuwekwa katika friza yenye ubaridi wa nyuzi 80 chini ya sifuri. Humo hawafi, bali husita; na akitaka mtu kumwona babu akishindana na kitukuu wa kizazi cha elfu kumi, huwatoa wote wawili, akawayeyusha, na wakaamka kama walivyolala.

Ningependa msomaji azingatie jambo hili kabla hatujaendelea, maana habari zote zitakazofuata zimesimama juu yake. Mwaka 1988 hapakuwa na mtu duniani aliyekwisha kusoma jenomu nzima ya bakteria yeyote. Jenomu ya kwanza ya kiumbe ajitegemeaye, ile ya Haemophilus influenzae yenye herufi 1,830,137, ilisomwa mwaka 1995, na ile ya Escherichia coli wa ukoo wa K-12 ikafuata mwaka 1997. Kwa hiyo Lenski na wanafunzi wake walikuwa wakiweka katika friza amana ambayo wao wenyewe hawakuwa na uwezo wa kuifungua. Walijua kwamba ndani ya kila kichupa mlikuwa na maandiko, na kwamba maandiko yale yalikuwa yakibadilika; lakini herufi zake zilikuwa zimefichwa, na hakuna aliyeweza kuwaahidi kwamba siku moja zitadhihirika. Waliweka tu, tena waliweka kwa mpango, kwa tarehe, kwa hesabu, na kwa uaminifu. Historia ya programu ninayotaka kuisimulia ni historia ya jinsi amana ile ilivyopata msomaji.

Bakteria wale walikuwa na nasaba yenye sifa. Walitoka katika ukoo uitwao B, ukoo ule ule walioutumia Salvador Luria na Max Delbrück katika kazi yao ya mwaka 1943, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hesabu ya kwanza ya kweli juu ya tafauti za kinasaba ndani ya jamii za vijidudu. Luria alikuwa Mwitaliani wa Torino aliyekimbia Ulaya kwa sababu ya chuki za rangi na vita. Delbrück alikuwa Mjerumani aliyeondoka kwao Wanazi wakitawala. Swali lao lilikuwa hili: bakteria wachache wanaonusurika wanaposhambuliwa na virusi, je, uwezo wa kunusurika huzaliwa baada ya kukutana na adui, au ulikuwa umekwisha kuwamo ndani ya wachache kabla adui hajaja? Luria alikuwa katika dansi ya walimu wa Chuo Kikuu cha Indiana, akimtazama mwenzake akitia sarafu katika mashine ya kamari, nayo ikimnyima, ikimnyima, kisha ghafula ikammwagia fungu kubwa. Na papo hapo fikira ikamjia. Kama kinga huzaliwa kwa kukutana na virusi, basi chupa nyingi zilizo sawa zitatoa idadi zinazokaribiana za walionusurika. Lakini ikiwa badiliko hutokea lenyewe, mapema au baadaye, basi chupa nyingi zitatoa wachache au pasiwe na yeyote, na chupa moja moja ambamo badiliko lilitokea mapema itatoa fungu kubwa mno. Alijaribu, na mafungu makubwa yakaonekana. Delbrück, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville, alifanya hesabu zake, na wakathibitisha kwamba badiliko hutangulia haja. Baadaye, mwaka 1969, walishiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Alfred Hershey.

Hesabu ile iliweza kusema kwamba mabadiliko yapo na kwa kiasi gani hutokea. Haikuweza kusema yako wapi. Miaka 45 baadaye Lenski alikuwa katika hali hiyo hiyo, ila subira yake ilikuwa imempa kipimo kingine. Nusu ya jamii zake zilitoka kwa babu asiyeweza kula sukari iitwayo arabinosi, na nusu kwa babu anayeweza. Wakioteshwa juu ya sahani yenye dawa maalumu, wa kwanza hutoa makundi mekundu na wa pili meupe. Basi huchanganywa babu mwekundu na kitukuu mweupe katika chupa moja, wakaachwa washindane siku moja, na asubuhi huhesabiwa wekundu na weupe. Kwa njia hii ilijulikana kwamba bakteria wa chupa zote 12 waliendelea kuwa hodari zaidi, kwa haraka sana mwanzoni na polepole baadaye, mpaka kufikia kizazi cha 50,000 walikuwa wakikua kwa kasi inayozidi ya babu yao kwa takriban asilimia 70. Walijua, basi, ni nani aliyeshinda na kwa kadiri gani. Kilichompa ushindi hawakukijua.

Mwaka 1991 Lenski alihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan mjini East Lansing, na chupa zikafuatana naye pamoja na friza. Katika miaka iliyofuata kutafuta badiliko moja ilikuwa kazi ya miezi au miaka: mtu hukisia jeni fulani, akaisoma hiyo peke yake, akaona kama imeguswa. Vaughn Cooper, Dominique Schneider wa Grenoble nchini Ufaransa, na wenzao, walitangaza mwaka 2001 kwamba jamii zote 12 zilikuwa zimepoteza uwezo wa kula sukari ya ribosi, na kwamba sababu ilikuwa kukatika kwa jeni za ribosi kando ya kipande kiitwacho IS150. Vipande vya namna hii, ambavyo hujinakili na kuhama kutoka mahali hata mahali katika jenomu, vitakuwa na kisa kirefu katika habari yetu, maana viliwatia wasomaji wa kwanza katika taabu kubwa kuliko herufi zote zilizobadilika.

Kisha mwaka 2003 likatokea lililowashangaza. Chupa moja kati ya 12, ile iliyoitwa Ara-3, ilionekana asubuhi ikiwa na ukungu mzito kuliko wenzake, na dhana ya kwanza ilikuwa kwamba uchafu wa nje umeingia. Haukuwa uchafu. Tangu siku ya kwanza maji ya chupa zote yalikuwa na sitrati, chumvi ya asidi ya ndimu, kwa wingi uliozidi sukari mara kadhaa. Lakini Escherichia coli hawezi kuila palipo na oksijeni, na kutoweza huko kumekuwa mojawapo ya alama zinazotumiwa kumtambulisha. Sasa palikuwa na waliokuwa wakiila. Zachary Blount, mwanafunzi wa Lenski, alirudi katika friza, akawaamsha mababu wa vizazi mbalimbali vya jamii ile ile, na kuwaacha wajaribu tena. Akaona kwamba uwezo ule ulijirudia tu kwa wale waliotoka katika vizazi vya baada ya 20,000. Kazi hiyo ilipochapishwa mwaka 2008, ilidhihirika kwamba kulikuwa na jambo lililotangulia na kuandaa njia. Jambo gani? Friza ilikuwa na jibu, na hapakuwa na wa kulisoma.

Wakati huo mashine za kusoma vinasaba zilikuwa zimebadilika mno. Njia ya Frederick Sanger ya mwaka 1977 ilisoma kipande kimoja kirefu kwa uangalifu. Mashine mpya za kampuni ya Solexa, ambayo baadaye ilinunuliwa na Illumina, zilisoma mamilioni ya vipande vifupi kwa mara moja, na vya kwanza vilikuwa na herufi kama 36 tu kila kimoja. Aidha, nakala ya asili ilipatikana: mwaka 2009 wanasayansi wa Korea Kusini, Ufaransa na Marekani walichapisha jenomu kamili ya babu wa jaribio, aitwaye REL606, yenye herufi 4,629,812. Kwa mtazamo wa juu juu kazi iliyobaki ilikuwa kuvilinganisha vile vipande vifupi na nakala ile na kutazama palipotofautiana.

Hapo ndipo ugumu ulipojificha. Mashine hukosea. Tuseme inakosea herufi moja katika kila 1,000, ambalo ni kosa dogo kwa mashine. Jenomu ya herufi milioni nne na laki sita, ikisomwa mara moja tu, itazaa makosa 4,600 na zaidi, na kwa desturi kila mahali husomwa mara makumi. Mabadiliko ya kweli katika bakteria aliyeishi vizazi 20,000, kama tutakavyoona, ni 45. Mtu atafutaye 45 katikati ya malaki ya makosa hawezi kuamini jicho lake. Tena kuna vile vipande vihamavyo: IS150 ina herufi takriban 1,400, na nakala zake zimetapakaa katika jenomu; kisomwapo kipande cha herufi 36 kutoka ndani yake, hakuna mtu wala mashine iwezayo kusema kimetoka katika nakala ipi. Programu nyingi za siku zile ziliundwa kwa ajili ya jenomu ya binadamu, zikitazama hasa herufi moja iliyogeuka, na sehemu zenye kujirudia zikaziruka. Lakini katika bakteria hawa sehemu zilizorukwa ndizo zilizokuwa na mambo mengi.

Jeffrey Barrick, aliyekuja kwa Lenski baada ya kumaliza shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale, alikuwa mtu wa kemia ya uhai aliyejua pia kuandika programu. Akaanza kuitengeneza moja kwa ajili ya jaribio lile lile lililokuwa mbele yake, akaiita breseq. Kuanzia kwa haja ya karibu namna hii nakuona kuwa ndiko kulikoipa nguvu, maana haikukusudiwa kufaa kila kazi. Ilikusudiwa kwa viumbe wenye nakala moja ya jenomu, walio karibu sana na babu anayejulikana herufi kwa herufi, waliooteshwa katika maabara, na ambao mabadiliko yao ni machache lakini ya kila namna. Ndani ya mipaka hiyo iliazimia kutoliacha hata moja.

Hufanya kazi kama kadhi mwenye hadhari asikilizaye mashahidi. Hupewa jenomu ya babu na mafaili ya vipande vilivyotoka katika mashine. Kisha kila kipande hutafutiwa mahali pake, kazi ambayo katika matoleo ya baadaye hufanywa na programu nyingine iitwayo Bowtie 2, iliyotungwa na Ben Langmead na Steven Salzberg. Vipande vikishapata mahali pake, ushahidi huja kwa namna tatu. Wa kwanza ni wa herufi: vipande vingi vipitavyo mahali fulani vinasema T ambapo babu alikuwa na C. Kadhi hamsikilizi kila shahidi kwa uzito mmoja. Hupima kwanza, kwa vipande vya mashine ile ile na siku ile ile, ni mara ngapi mashine hukosea C ikaiandika T, na ni mara ngapi hukosea herufi zenye alama hafifu za uhakika, kisha ndipo ahukumu. Ushahidi wa pili ni wa kunyamaza: ikiwa mahali pote pana vipande makumi, na ghafula pakaja eneo la herufi elfu kadhaa ambalo hapana kipande hata kimoja, basi eneo lile limekatika na kupotea. Wa tatu ndio wenye hila zaidi, nao ni kipande kimoja ambacho nusu yake ya mwanzo yakaa mahali fulani katika jenomu ya babu na nusu yake ya mwisho yakaa mbali kabisa. Kipande hicho kimevuka kiungo kipya, yaani mahali ambapo jenomu imekatwa na kuunganishwa upya. Programu hukiunda kiungo kile kama kisa kinachodaiwa, ikavirudisha vipande vyote na kuvitaka vichague: je, vinakaa vizuri zaidi katika kiungo hiki au katika jenomu ya zamani? Hata vikichagua kiungo kwa wingi, haikinai. Hutazama kama vilianzia mahali mbalimbali na vilitoka pande zote mbili za uzi wa DNA, kwa kuwa nakala kumi za kipande kimoja kilichozidishwa katika maandalizi ni sawa na mashahidi kumi waliofundishwa maneno na mtu mmoja.

Baada ya kusikiliza yote, huunganisha. Kuanzia mwisho wa jeni za ribosi pakikosekana vipande, na kipande kivukacho kiungo kikatoka ukingo wa pengo mpaka ukingo wa IS150, basi ni hukumu moja: jeni zimekatika kwa njia ya IS150, na kazi iliyowachukua akina Cooper miezi mingi hutokea katika mstari mmoja wa jedwali. Katika jedwali hilo kila badiliko lina mahali pake, namna yake, jeni lake, na kiungo cha kufungulia ushahidi. Mathalan, kwa bakteria wa jamii ya Ara-1 huonekana mstari usemao kwamba mahali pa 1,329,516, ndani ya jeni la topA ambalo hushughulika na kusokotwa kwa uzi wa DNA, C imekuwa T, na kwa hiyo histidini ya 33 katika protini imekuwa tirosini. Msomaji akibofya, huonyeshwa vipande vyenyewe vimepangwa mstari juu ya mstari, herufi zenye shaka zimefifishwa kwa rangi, na aweza kuhesabu kwa jicho lake mwenyewe ni vingapi vinashuhudia na ni vingapi vinakataa.

Lakini lile nilipendalo zaidi katika programu hii ni orodha ya nne, ambayo si ushahidi wa badiliko lolote. Humo huandikwa maeneo ambayo vipande havikutosha au vilichanganyikana kiasi kwamba haiwezekani kuhukumu, na hukumu yake ni kwamba hayajulikani. Ni rahisi kwa mtunga programu kuliacha eneo kama hilo kimya kimya, na msomaji akadhani pako sawa na babu. Waama wengi hufanya hivyo. Mtu anayelinganisha bakteria wawili na kuona kwamba mmoja ana badiliko na mwingine hana, ana haki ya kujua kama yule wa pili kweli hana, au kwamba mahali pale hapakusomeka. Elimu nzima ya kuhesabu mabadiliko katika nasaba imesimama juu ya haki hiyo.

Matunda ya kwanza yalionekana mwaka 2009, Barrick, Lenski na wenzao walipotangaza jenomu za bakteria wa Ara-1 waliotolewa katika friza kwa vizazi vya 2,000, 5,000, 10,000, 15,000, 20,000 na 40,000. Mpaka kizazi cha 20,000 mabadiliko yalikuwa 45, nayo yaliongezeka kwa mwendo uliokaribia kuwa sawa, ilhali uhodari wa bakteria ulikuwa umekwisha kupunguza kasi yake: mambo mawili yaliyodhaniwa kwenda pamoja yakaonekana yana mwendo mbalimbali. Katika kizazi cha 40,000 idadi iliruka ikawa 653. Sababu yake ilipatikana katika jenomu ile ile: karibu na kizazi cha 26,000 liliharibika jeni la mutT, ambalo kazi yake ni kuzuia makosa wakati wa kunakili vinasaba, na tangu hapo makosa yakamiminika. Baadaye ilijulikana kwamba jamii sita kati ya 12 zilifika kizazi cha 50,000 zikiwa na hitilafu za namna hiyo.

Mwaka 2012 fumbo la sitrati likafumbuliwa, Blount na wenzake walipolinganisha jenomu za bakteria 29 wa Ara-3 kutoka vizazi mbalimbali. Hakuna herufi mpya iliyotengeneza uwezo ule. Kipande cha herufi 2,933 kilikuwa kimejirudia, nakala kando ya nakala, na kwa kujirudia huko jeni la citT, ambalo huleta sitrati ndani ya bakteria lakini kwa kawaida hulala palipo na oksijeni, lilijikuta chini ya amri ya jeni jirani lisilolala. Programu itazamayo herufi peke yake ingelipita hapo bila kuona kitu, kwa kuwa kila herufi ya kipande kile ilikuwa sawa na ya babu. Kilichokuwa kipya kilikuwa kiungo kimoja tu, na eneo lililosomwa mara nyingi kuliko majirani zake.

Hata hivyo bakteria mmoja si jamii. Ndani ya chupa moja mna koo nyingi zinazoshindana, nyingine zikiwa sehemu moja ya kumi ya wote, nyingine sehemu moja ya mia. Kwa hiyo breseq iliongezewa njia ya kusoma jamii nzima iliyochanganyika, ambamo swali si kama badiliko lipo au halipo, bali lipo kwa kadiri gani. Na hapo kadhi hulazimika kuwa mkali zaidi, maana kosa la mashine na badiliko lililo kwa wachache hufanana sura. Mwaka 2014 Barrick, aliyekwisha kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alichapisha maelezo kamili ya programu pamoja na Daniel Deatherage na wengine, na ikatolewa bure, pamoja na maandiko yake yote, kwa kila atakaye kuitumia, kuikagua au kuirekebisha. Miaka mitatu baadaye Benjamin Good, Michael Desai na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakishirikiana na Barrick na Lenski, walisoma jamii zote 12 kwa kila vizazi 500 mpaka kizazi cha 60,000. Walitazamia kuona koo zikipokezana ufalme, moja ikishinda na kuzifuta nyingine. Badala yake, katika jamii tisa waliona koo mbili zikiishi pamoja kwa maelfu ya vizazi, kila moja ikiendelea kubadilika pasipo kuifuta mwenzake, ndani ya maji yenye sukari moja tu. Sehemu kubwa ya kisa hicho ilikuwa haijawahi kuonekana kwa macho. Kilikuwa katika vichupa vya friza miaka yote.

Kwamba maarifa haya si ya maabara peke yake, sisi wa Afrika ya Mashariki tumekwisha kuonyeshwa. Mwaka 2017 François-Xavier Weill wa Institut Pasteur mjini Paris na wenzake walichapisha jenomu za bakteria wa kipindupindu 1,070, waliokusanywa katika muda wa miaka 49, wakiwamo wale wa nchi 45 za Afrika. Kwa kulinganisha herufi zao zilizobadilika walionyesha kwamba tangu mwaka 1970 maradhi hayo yaliletwa Afrika kutoka Asia angalau mara 11, yakiingilia Afrika ya Magharibi na Afrika ya Mashariki na Kusini. Programu zao zilikuwa nyingine, lakini kazi ilikuwa ya aina moja, nayo ilitegemea sharti lile lile: palikuwa na watu, katika hospitali na maabara za miji yetu, walioweka vichupa na kuandika tarehe kabla ya kujua vitasomwaje.

Si vema kusifu breseq kupita haki yake. Vipande vifupi haviwezi kuvuka eneo refu linalojirudia, na kwa hiyo sehemu kubwa ya jenomu ikigeuzwa kichwa chini baina ya nakala mbili za kipande kihamacho, ushahidi wake humezwa humo. Mwaka 2014 kundi la Schneider, likitumia ramani za uzi mrefu wa DNA badala ya vipande, liligundua katika jamii 12 mapinduzi makubwa ya jenomu yapatayo 110, nayo mengine yalikuwa ya kugeuka hivyo. Mashine mpya zisomazo maelfu ya herufi kwa mfululizo zinaziba pengo hilo polepole.

Mnamo Machi 2020 maradhi ya korona yalifunga maabara ya Michigan, na chupa 12 zikasimamishwa. Ziliwezekana kusimamishwa bila hasara kwa kuwa friza ilikuwapo. Baada ya miezi kadhaa bakteria waliamshwa, na kazi ikaendelea kutoka pale ilipoachwa. Mwaka 2022, Lenski akijiandaa kustaafu, jamii zilizokwisha kufika vizazi 75,000 zilipelekwa Texas na kukabidhiwa kwa Barrick. Huko ziliendelea kuchotwa na kuhamishwa kila siku kwa mkono, sehemu moja ya kumi ya mililita, na kila baada ya siku 75 vichupa vipya vilitiwa katika friza kwa ajili ya wasomaji watakaokuja na vyombo vyao.